Ukurasa Uliokunjwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, wavulana wa kijiji cha Zibomvu walificha fimbo zao kwenye vichaka vya miba nyuma ya lango la shule. Wavulana wa Gqubeni walificha zao kwenye nyasi ndefu karibu na tangi la maji. Walimu wote walijua. Mwalimu mkuu akipita hapo alitazama juu, utadhani anatafuta dalili za mvua. Kengele ya kutoka ikilia, kila mvulana alichukua fimbo yake, na kuna siku hawakufika nyumbani bila damu.

Mimi ni wa Zibomvu. Kati yetu na Gqubeni kuna mto tu, na wakati wa kiangazi unauvuka bila kulowesha magoti. Shule ilikuwa upande wao, kwa hiyo sisi ndio tuliovuka kila siku. Ugomvi ulianzaje? Sijui, na sijaona anayejua. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, mvulana wa kwetu alivunjwa taya. Miezi miwili baadaye mvulana wa kwao alipasuliwa kichwa, akashonwa nyuzi kumi na nne. Sisi wasichana tulizihesabu hizo nyuzi kama mabao ya mpira. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Kaka yangu Luphumlo ndiye aliyekuwa kinara wa upande wetu. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa bado hajaingia jandoni. Kwetu ni wavulana wanaopigana kwa fimbo. Mtu akitoka jandoni anakuwa mwanamume na anaziacha. Luphumlo alikuwa amebakiza miezi michache tu, naye alitaka kumaliza uvulana wake kwa kishindo. Baba alikuwa migodini, mama akifanya kazi mjini, na bibi aliyetulea alikuwa akimwambia kila siku, "Wewe, siku moja utaniletea maiti mlangoni." Luphumlo alicheka na kuendelea kuipaka fimbo yake mafuta.

Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa Bi Sokupa. Watu wazima walimwita MaGcina, kwa ukoo wake, nasi tulimwita hivyo hivyo akiwa hatusikii. Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake ilitoboa ukuta. Mwaka ule alitufundisha kitabu kimoja cha zamani cha lugha yetu wenyewe, ambacho hata bibi alikisoma akiwa msichana. Kilihusu Nkwali na Gwadu, wanaume wawili waliochunga ng'ombe pamoja utotoni, kisha wakawa maadui kwa sababu ya maneno ya watu.

MaGcina hakufundisha kama wengine. Alitupangia madawati kwa duara, na katika duara lake kulikuwa na sharti moja. Hukuruhusiwa kumjibu mwenzako kabla hujarudia alichosema, mpaka mwenyewe akiri, "Ndivyo." Ukirudia vibaya, unaanza upya. Mwanzoni tulimcheka. Baadaye tuliona kwamba ni vigumu sana kumtukana mtu ambaye umetoka kuyasema maneno yake kwa kinywa chako.

Pia kila mmoja alikuwa na daftari. Siku nyingine tuliandika tulivyokiona kitabu, siku nyingine tuliandika mambo yetu, na siku nyingine alitwambia, "Leo ingia ndani ya mtu mmoja wa kitabuni, uandike kwa kinywa chake." Kama hukutaka ukurasa wako usomwe, uliukunja katikati. "Ukurasa uliokunjwa," alisema, "hata mimi siufungui. Nikiufungua, msiniite mwalimu tena."

Mimi ndiye niliyekusanya madaftari na kuyapeleka ofisini. Nilijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Kazi ya kusoma kitabu chenyewe sikuipenda hata kidogo. Sura ndefu zilinichosha, basi jioni niliomba muhtasari kwa rafiki yangu Nosiphiwo, nikaukariri njiani, na darasani nikapiga domo.

Jumanne ile tulijadili nani alaumiwe kwa kifo cha Nkwali. Nikasimama. "Aliyeua ni aliyeshika mkuki. Mengine yote ni porojo."

Mzukisi wa Gqubeni, aliyekaa mkabala nami, aliinua mkono. Alikuwa mvulana mkubwa, mabega kama mlango, na sote wa Zibomvu tulimwogopa. "Khuselwa amesema aliyeua ni aliyeshika mkuki, mengine ni porojo. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi nauliza, na yule aliyesikia nusu ya maneno akakimbia kuyapeleka? Yumo katika sura ya tisa. Au dada yetu sura ya tisa hajafika?"

Darasa likaangua kicheko. Masikio yakanichoma. "Nimefika na nimepita," nikasema.

"Thubutu! Ulipita kwa ndege."

MaGcina alinitazama, kisha akatupa kazi ya daftari. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na sura ya tisa sikuigusa.

Jumatano, saa ya mapumziko, nilibeba madaftari. Ofisi ya walimu ilikuwa tupu. Daftari la Mzukisi lilikuwa juu kabisa, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa umekunjwa. Nilijiambia nataka kujua tu kama ameandika habari zangu. Nikaufungua.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, jambo lililonikera zaidi. Nilisoma: "Kesho kutwa atavuka mto kama kawaida yake. Nitakuwa nimejibanza kwenye mawe ya kivuko. Nimeshanoa. Ng'ambo hatafika."

Nikasikia viatu vya MaGcina barazani. Niliukunja ukurasa, nikaweka daftari chini ya mengine, na kutoka. Kuhesabu kutoka siku ile, kesho kutwa ilikuwa Ijumaa. Na nani alivuka mto kila siku, mbele ya wote, akipiga mluzi? Kaka yangu.

Nilimwambia jioni ile ile, karibu na zizi.

"Una hakika?" Luphumlo aliuliza.

"Nimesoma kwa macho yangu. Ameandika amenoa."

"Kisu?"

"Ameandika amenoa, Luphumlo! Unanoa nini kama si kisu?"

"Haya. Wewe nyamaza, usimwambie bibi. Atanikuta mimi nimetangulia."

Nilijisikia shujaa usiku ule. Nilidhani nimeokoa uhai wa kaka yangu.

Ijumaa, wavulana kumi na mmoja wa Zibomvu walitoroka kipindi cha mwisho. Walipofika kivukoni hapakuwa na mtu. Wakaamua kwamba Gqubeni wamechelewa tu, wakajificha wao nyuma ya yale mawe. Mimi nilifika na wasichana wenzangu kengele ilipokwisha lia, na nilimwona Mzukisi akishuka na dada yake mdogo aliyeshika ndoo, mkoba wa mtoto huyo begani mwake, wanakwenda kuchota maji. Hakuwa na kisu. Hakuwa hata na fimbo.

Luphumlo alimrukia wa kwanza. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili mgongoni. Mzukisi alipiga magoti majini, akapiga yowe, na vijana wa Gqubeni waliokuwa juu ya kilima wakaja mbio na fimbo zao. Sijapata kusikia sauti kama ile tena, mti juu ya mfupa, mti juu ya mfupa, na mawe yakitua majini. Mvulana mmoja wa kwetu alitapika damu. Mwingine wa kwao alikaa kwenye mchanga akishika sikio lake lililoning'inia, akiuliza, "Lipo? Lipo?" Dada yake Mzukisi alikuwa amesimama na ndoo yake, hawezi kukimbia wala kulia.

Mzukisi alijaribu kuinuka kwa kuushika mwamba. Luphumlo alishusha fimbo kwenye mkono ule, mara moja, mara mbili, mara tatu. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona vidole vikibadilika umbo. Ulikuwa mkono wake wa kulia.

"Basi! Luphumlo, basi!" nilipiga kelele. Nadhani hakunisikia.

Jumamosi zizi letu lilichomwa moto mchana kweupe. Ndama mmoja aliungua. Bibi alibeba maji kwa mikono yake mpaka akaanguka. Jumapili wavulana wa kwetu wakavunja madirisha ya kanisa la Gqubeni, watu wakiwa ndani wanaimba. Na kati ya moto na mawe, neno likaanza kuzunguka pande zote mbili: maneno yalitoka kwenye madaftari. Mwalimu anawasomesha watoto siri za wenzao, kisha anazipeleka huku na huku.

Ni Luphumlo aliyesema kwamba habari aliipata kwenye madaftari ya shule, basi, akinificha mimi. Watu wakamalizia wenyewe. Jumapili jioni MaGcina alipigwa jiwe la kipaji cha uso akiwa mlangoni pake. Aliyelirusha alimwita mchonganishi.

Sikulala. Asubuhi, kabla bibi hajaamka, nilichukua kile kitabu na kufungua sura ya tisa, kwa mara ya kwanza. Nilikuta kivuko. Nilikuta mawe. Nilimkuta Gwadu amejibanza na mkuki alioutia makali, akimngoja Nkwali avuke mto. Kazi ya daftari ilikuwa imesema uingie ndani ya mtu mmoja wa kitabuni, na mimi nilikuwepo iliposemwa. Kila mtu aliyesoma sura ile angeujua ukurasa wa Mzukisi kwa mstari wa kwanza. Nilikaa na kitabu mapajani, nikatamani ardhi inimeze.

Jumatatu wazazi waliitwa shuleni. Walikuja na zaidi ya masikio. Wanaume wa Gqubeni walikuja na marungu, wa kwetu vile vile, na mtu alikuwa amekwisha washa moto katikati ya uwanja ili madaftari yachomwe. MaGcina alisimama kando ya mwalimu mkuu, bandeji kichwani, ameyakumbatia madaftari yote. Askari wawili wa kituo cha polisi walikuwa wameahidi kuja. Hawakuwa wamefika.

Baba mdogo wa Mzukisi, Fundile, alikuwa anapiga kelele kuliko wote. "Mtoto wetu vidole vinne vimesagika! Vinne! Na huyu mwanamke bado anafundisha? Achome hayo makaratasi yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha aondoke!"

"Aondoke!" wakaitikia, wa kwao na wa kwetu pamoja. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia pande mbili zikikubaliana.

"MaGcina," mwalimu mkuu alisema kwa sauti ndogo, "waambie basi. Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Nani mwingine aliyashika?"

MaGcina aliyakaza madaftari kifuani. Macho yake yalinipitia, hayakusimama. Alijua. Nadhani alijua tangu Ijumaa, na alikuwa tayari kufukuzwa kazi kuliko kunitaja mbele ya marungu yale. Mwanamume mmoja alimpokonya daftari la juu na kulitupa motoni. Lilikuwa langu.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasogea mpaka kando ya moto. "Ni mimi! Nilifungua ukurasa wa Mzukisi. Nilisoma mistari mitatu, nikamwambia kaka yangu kwamba anataka kumuua. Yalikuwa maneno ya kitabuni. Sikujua, kwa sababu kitabu sikukisoma. Mwalimu hakufanya kitu."

Kisha Fundile akanguruma na kunijia na rungu juu. Luphumlo, aliyekuwa kati ya watu wa kwetu, alijitupa mbele yangu, akaanguka, na Fundile akamkanyaga kifuani, rungu usawa wa uso wake.

Sijui nilipata wapi akili ile. Kwetu mtu ukimwita kwa majina ya ukoo wake, wazee wake waliokufa wanasimama karibu naye, na ni vigumu kufanya uovu mbele yao. Nilipiga magoti nikapaza sauti nikiyataja ya ukoo wa Fundile. "Jwarha! Mtika! Mazaleni!"

Rungu likasimama hewani.

"Jwarha! Mtika!" nilirudia, machozi na kamasi vinanitiririka. "Mimi ndiye mwenye kosa, Jwarha."

MaGcina akapenya, akasimama baina ya rungu na kaka yangu. Kichwa chake kilimfika Fundile kifuani. "Fundile, mtoto amesema. Kabla hujampiga mtu, rudia alichosema."

"Nini? Mimi si mwanafunzi wako!"

"Ulikuwa. Dawati la nyuma, mwaka nilipoanza kazi. Na ulikuwa mbishi hivi hivi. Rudia."

Kuna mtu alicheka kidogo, kwa woga. Fundile alikuwa anahema kama ng'ombe dume. "Amesema... amesema alisoma daftari la mwenzake. Mistari mitatu."

"Endelea."

"Akadhani ni kweli. Kumbe ni ya kitabuni. Akampelekea huyu." Alimtazama Luphumlo chini ya kiatu chake. "Na huyu akamvunja mtoto wetu mkono. Kwa mistari mitatu. Ndivyo?"

"Ndivyo," nikasema.

"Naye ni mvulana," mwalimu mkuu alisema, safari hii bila kutazama juu. "Hajaingia jandoni, Jwarha. Tangu lini mwanamume akampiga mvulana kwa rungu?"

Wanaume wakaanza kutazama chini. Fundile aliondoa mguu wake. Alikwenda kando, akakaa juu ya jiwe na kulia kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Ndipo Mzukisi alipotokea getini, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, dada yake amembebea koti. Hakunitazama. Alimwambia MaGcina, "Mwalimu, ufungue ukurasa wangu. Wasomee wote, mpaka mwisho."

MaGcina alilitafuta daftari lake, akakunjua ukurasa. Alisoma mistari ile mitatu ninayoijua. Halafu akasoma iliyofuata, ambayo mimi sikuifikia kwa sababu ya sauti ya viatu:

"Lakini mkono hauniitikii. Namwona anashuka na mluzi wake ule ule tuliokuwa tukiwaitia ng'ombe. Tulilala chini ya blanketi moja. Nani aliniambia ananichukia? Mbona sikwenda kumuuliza mwenyewe? Nkwali, rudi nyuma. Rudi, nakuomba, kabla sijasimama."

"Kitabuni hakumwomba arudi," Mzukisi alisema. "Hiyo nilitia mimi. Nilikunja kwa sababu nililia nikiiandika, na sikutaka mnicheke."

Bibi yangu alitoka upande wetu akavuka uwanja mpaka upande wao. Alipiga magoti mbele ya mama yake Mzukisi, na magoti yake yalikuwa mabovu. Baada yake wengine walivuka pia, si wote. Marungu mengine yaliwekwa chini na mengine yalirudi nyumbani na wenyewe.

Luphumlo alipelekwa kituoni siku hiyo hiyo, akakiri kila kitu. Hakimu alimpa kazi ya kutumikia zahanati mwaka mzima, na jando lake likaahirishwa. Familia yetu ilipeleka ng'ombe kwa akina Mzukisi na kuomba msamaha mbele ya wazee. Wavulana walizika fimbo zao? Hapana, sitawadanganya. Lakini mwaka ule hakuna aliyepigana kivukoni.

MaGcina alinizuia baada ya kipindi, siku ya kwanza tuliporudi darasani. Nilitegemea kofi.

"Ulisema ukweli mbele ya marungu," alisema, "na hilo sitalisahau. Lakini nataka usahau hilo na ukumbuke jingine, Khuselwa. Ungesoma sura moja, kurasa kumi na nane, vidole vya Mzukisi vingekuwa vizima. Uvivu wako ulikaa kimya, hukuuona, mpaka ukavunja mfupa wa mtu. Na ukishika neno la mtu, lishike lote. Kama huna lote, nenda kwake ukamuulize. Ukiona huwezi kumuuliza, nyamaza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Rudia."

Nikarudia. Ilinichukua mara tatu mpaka akasema, "Ndivyo."

Kisha akaniongoza mpaka kwenye dawati la Mzukisi. Vidole vyake vilikuwa vinapona vimepinda, na daktari alisema kalamu hataishika tena kwa mkono ule mpaka mwaka upite, pengine zaidi. Daftari jipya lilikuwa mbele yake.

"Anahitaji mkono," MaGcina alisema. "Nimemuuliza anautaka wa nani. Muulize mwenyewe amesema nini."

Nilimuuliza. Mzukisi alitazama dirishani. "Wako una deni," akasema. "Keti. Andika taratibu, mwandiko wako mbaya."

Nilikaa. Alinong'ona na mimi nikaandika, mistari kumi, ishirini, ukurasa mzima. Alipomaliza alinigeukia kwa mara ya kwanza tangu kivukoni.

"Kunja," akasema.

Niliukunja ukurasa ule katikati, nikapitisha kucha juu ya mkunjo mpaka ukalala sawasawa. Mpaka leo yaliyomo sijamwambia mtu, na ninyi pia siwaambii.